Mbuzi Aliyesikia Maneno ya Baba

Mbuzi wetu aliwahi kuwekwa chini ya ulinzi.

Sitanii. Hakuiba, hakumpiga mtu pembe, hakula mahindi ya jirani. Alikuwa amesimama uani kwa baba yangu mkubwa, Majengo, Moshi mjini, amefungwa jani shingoni, anatafakari maisha yake. Wakaja watu wenye vitambulisho, wakamtazama mbele na nyuma, wakaandika, wakaondoka naye.

Tangu siku hiyo jina lake rasmi likawa Kielelezo.

Naitwa Jovin. Nasoma kidato cha tano, bweni, shule ambayo sitaitaja kwa sababu mkuu wetu wa shule naye ana simu janja. Pale shuleni ninajulikana kwa mambo fulani fulani. Mwalimu wa nidhamu aliwahi kutangaza paredi kwamba siku Jovin akitubu, shetani atapungukiwa na mfanyakazi. Nilimshukuru kwa kutambua mchango wangu.

Lakini leo sijaja na utani. Nimekuja kusimulia jinsi baba yangu alivyobanwa kati ya jina lake na uhai wa kaka yake, mimi nikiwa nimesimama pembeni na akili zangu zote za bweni, zisizosaidia kitu.

Tulia nikupeleke.

Baba yangu, Mzee Filemon, ni fundi seremala. Ukilala Majengo kuna uwezekano mkubwa umelala kwenye kitanda chake. Mbele ya karakana yake kuna mtaro ambao kila masika unafurika na kuingia vyumba vya wapangaji. Masika moja uliingia kwa mshonaji mmoja, ukaondoka na mto wa kitanda, viatu na kuku. Baba alilalamika ofisi zote mpaka makarani wakawa wanajificha wakimwona.

Mwaka wa uchaguzi ulipofika akasema, "Basi nitagombea udiwani. Nikalalamike nikiwa ndani."

Sasa, kwenye chama chetu, kabla hujafika kwa wananchi unapitia kwa wajumbe. Wao ndio wanapiga kura ya kukuteua. Msimu huo mjumbe anakuwa mtamu kama asali. Anasalimiwa na watu wasiomjua. Akikohoa tu, wagombea wanaleta tangawizi.

Ndiyo maana kuna sheria. Mgombea haruhusiwi kumpa mjumbe kitu. Si hela, si kanga, si soda.

Wagombea wote wa kata waliitwa semina. Nilikuwa likizo, nikaenda na baba, rasmi kama msaidizi wake, kwa kweli kwa ajili ya sambusa. Sambusa hazikuwepo. Alikuwepo Afisa Maulida, kutoka ofisi inayofuatilia maadili ya wagombea. Mwanamke mfupi, mpole, na upole wenyewe ni ule wa daktari aliyeficha sindano mgongoni.

Akasema, "Ukiona mgombea anampa mjumbe kitu chochote, hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja, tupigie simu."

Wagombea wakacheka.

Baba hakucheka. Alipoambiwa anyooshe mkono ale kiapo cha maadili, aliunyoosha mpaka kwapa la koti likachanika.

Itunze sentensi ya Afisa Maulida. Tutaihitaji mbele.

Baba ana kaka yake mmoja, Baba Mkubwa Primus, anauza ndizi kwa jumla. Anakaa mitaa michache kutoka kwetu. Na ni mjumbe.

Ungedhani hiyo ni bahati. Ilikuwa mkosi, maana ndugu hawa wawili walikuwa hawasemezani tangu mimi sijazaliwa. Walikuwa wanapishana barabarani kama mabasi ya kampuni mbili. Jumapili baba anasali misa ya kwanza, Baba Mkubwa misa ya pili, na pale mlangoni, wengine wakitoka na wengine wakiingia, kila mmoja anakuwa ghafla anapenda sana kuangalia maua.

Waligombania nini? Sijui. Niliwahi kumuuliza mama. Mama akaniuliza kama nimeshamaliza kuosha vyombo.

Wakati kampeni za wajumbe zimepamba moto, tukasikia Baba Mkubwa ana uvimbe tumboni. Madaktari walisema apasuliwe haraka, na walisema kwa ile sauti ambayo hata asiyejua udaktari anaielewa.

Baba aliposikia aliweka randa chini. Kesho yake akapanda kijijini, Kilema.

Hapa kidogo niwafundishe uchagani, wenye kujua wanivumilie.

Kwetu Kilema, mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, kumepandwa isale. Ni mmea wenye majani marefu ya kijani. Ukimkosea mtu kiasi kwamba mdomo mtupu hautoshi, unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea pamoja na mbuzi. Unaweka mkono juu ya mbuzi, unasema kosa lako. Akilipokea jani, amekusamehe. Kisha mbuzi anachinjwa, ini linachomwa, na nyinyi wawili mnalila kutoka kijiti kimoja. Hapo ndipo msamaha umekamilika.

Na kwa ukoo wetu kuna la ziada. Kosa likishasamehewa, halitajwi tena. Asilitaje aliyekosa wala aliyekosewa. Hata kwa utani. Ukilitaja umelifufua, na msamaha umekufa.

Baba akarudi na jani. Akarudi na mbuzi.

Mama akamwambia, "Baba Jovin, si ungesubiri wapige kura kwanza?"

"Primus analazwa wiki hii."

"Watasema umemhonga."

"Watasema."

Mama akakaa kwenye stuli, akafunika uso kwa kanga.

Tulitoka asubuhi, jua limeshachomoza, barabara imejaa watu. Mgombea udiwani mbele, mbuzi katikati, mimi nyuma nikimsukuma mbuzi, maana alikuwa hataki siasa. Tukapita mbele ya duka la Shakiru.

Shakiru anatengeneza simu, na alikuwa anampigia debe mgombea mwingine. Alikuwa kwenye kizingiti, simu mkononi.

"Mangi!" akamwita baba, kama Wachaga wote wanavyoitwa mjini. "Leo unatembeza kitoweo?"

"Salama, Shakiru," akajibu baba.

Hapo Shakiru akafanya jambo. Na mimi, siku chache baadaye, nikamfanyia Shakiru jambo. Mambo hayo mawili hutayapata kwenye simulizi hii. Sijasahau, na sioni aibu. Nina sababu, na ukifika mwisho utaielewa.

Kwa Baba Mkubwa nilibaki getini. Niliwaona kwa mbali. Baba aliweka mkono juu ya kichwa cha mbuzi, akaongea kwa sauti ya chini, muda mrefu. Mbuzi alitulia tuli, masikio mbele, kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Baba Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti, amekonda, shati linamning'inia. Akanyoosha mkono, akalipokea jani.

Halafu akalia.

Sijawahi kuona mtu mzima analia huku ameshika jani. Nikaangalia maua. Ni ugonjwa wa ukoo.

"Jovin!" Baba Mkubwa akaita, na hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kuniambia maishani mwangu. "Kamwambie mama yako mkubwa alete kisu."

Nikakimbia. Mama Mkubwa Elisifa alikuwa jikoni ameshakishika tayari, machozi yanamtoka, anacheka. Tulipotoka nacho, geti likagongwa.

Afisa Maulida na wenzake.

"Hodi. Mzee Filemon, wewe ni mgombea?"

"Ndiyo, mama."

"Mzee Primus, wewe ni mjumbe?"

"Ndiyo."

"Na huyu ni mbuzi?"

Mbuzi akajibu mwenyewe.

"Ni wa nini?"

"Wa msamaha," akasema baba.

"Msamaha wa kosa gani?"

Baba akamrekebisha mbuzi jani shingoni.

Akamgeukia Baba Mkubwa. "Mzee wangu, wewe ndiye uliyekosewa. Alikukosea nini?"

Baba Mkubwa akaliangalia lile jani mkononi, akafunga mdomo kama mlango wa benki.

Afisa Maulida akapumua. "Wazee wangu, naomba mnielewe. Kila anayetoa rushwa ana jina lake zuri. Mmoja anaita chai, mwingine mkono wa pole, mwingine sadaka. Nyinyi mnaita msamaha. Sawa. Nionyesheni hilo kosa, niamini."

Hawakuonyesha. Na mbuzi akaenda.

Basi kimenuka.

Mchana wake Majengo nzima ilijua. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitanda chake ambacho hakijapigwa hata msasa, akasema atakimalizia nyumbani. Watoto wa mtaa wakinipita wanalia "meee". Mama akaacha kwenda kusali jumuiya. Ilikuwa wazi kwamba baba akipatikana na hatia, jina lake linafutwa, na pengine mahakama inamsubiri. Mtu ambaye akiokota msumari wako anakurudishia.

Na huko ofisini walikuwa na tatizo lao. Hawana zizi. Kielelezo hakitakiwi kubadilika, na mbuzi asipokula anabadilika. Afisa Maulida akatuita, akauliza nani atamlisha mpaka uchunguzi uishe.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi serikalini.

Kila siku nilibeba majani ya migomba kichwani, nakatiza mji, namkuta Kielelezo amefungwa nyuma ya ofisi karibu na bustani. Alikuwa bado na lile jani la isale kwenye kamba yake, la pili, ambalo baba alimfunga yeye. Nikawa nakaa naye.

"Wewe ulisikia," nikamwambia siku moja. "Wewe peke yako unajua. Sema basi."

Akala maua ya ofisi.

Nilikuwa naongea na mbuzi. Hapo ujue hali ilikuwa mbaya.

Ilizidi kuwa mbaya. Siku ya kulazwa, Baba Mkubwa aligoma.

Mama Mkubwa Elisifa alikuja kwetu anakimbia, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Filemon, yeleuwi! Kaka yako hataki. Gari liko nje, daktari anasubiri, yeye amegeukia ukutani!"

Tukaenda wote. Alikuwa amelala kitandani, tumbo limevimba, uso umebaki macho tu. Ndizi zake zilikuwa zimeivia stoo, nyumba nzima inanuka utamu uliochacha.

"Sitalala kwenye meza ya daktari na msamaha nusu," akasema. "Nikifia pale, nitakwenda kumwambia nini mama yetu? Kwamba tulifika kwenye ini tukashindwa?"

"Shikamoo Baba Mkubwa," nikasema.

"Marahaba."

"Nina wazo. Tununue mbuzi mwingine. Wa kufanana naye. Hata mimi naweza kumpaka rangi."

Akanigeuzia uso polepole. "Maneno ya baba yako yalisemwa juu ya mbuzi yule. Huyo mwingine hajasikia kitu."

"Si baba amwambie na huyo?"

"Kulisema tena?" Akatikisa kichwa. "Nimeshalipokea jani, mwanangu."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, mikono imelegea. Fundi akilegeza mikono, ujue hana pa kushika.

Tuelewane vizuri hapa. Mbuzi hawezi kuachiwa mpaka kesi iishe. Kesi haiwezi kuisha mpaka kosa litajwe. Kosa likitajwa, msamaha umekufa. Msamaha ukifa, Baba Mkubwa hapasuliwi. Asipopasuliwa, anakufa.

Nililia siku hiyo. Nililia chooni, kwa heshima, bomba likiwa wazi.

Na hapo hapo chooni nikapata akili.

Mwiko unakataza kulitaja kosa lenyewe. Haukatazi kutaja kosa ambalo halikutokea! Uongo hauvunji mwiko. Nikiwa na rekodi yangu, nani atakataa kwamba mimi ndiye niliyemkosea Baba Mkubwa, na baba alikwenda kuomba radhi kwa niaba yangu? Kwa mara ya kwanza katika historia, tabia yangu mbaya ingeleta faida.

Asubuhi nikavaa sare ya shule, nikafunga tai, nikaingia kwa Afisa Maulida. Nikamkuta baba ameshafika, amekaa mbele ya meza yake, kofia magotini. Sikutegemea. Lakini gari lilishawaka.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukiri."

"Marahaba. Kukiri nini?"

"Kosa la mbuzi ni langu. Mimi ndiye niliyemkosea Baba Mkubwa. Nilimharibia ndizi. Zilikuwa zimeiva, nikazipaka rangi ya kijani zionekane mbichi. Hakuuza. Zikaoza."

Afisa Maulida akachukua kalamu. "Rangi gani?"

"Ya mafuta."

"Ulitumia brashi?"

"Brashi ndogo. Ya baba, ya kupakia vanishi."

"Mikungu mingapi?"

"Mingi. Mimi ni mchapakazi."

"Kuoza kwa ndizi zilizopakwa rangi ya mafuta kunachukua muda. Ulipaka lini, na wewe unakaa bweni?"

"Kwa niaba yangu alikuwepo... mwenzangu."

"Jina?"

Ndugu zangu, nimeshahojiwa na walimu wa nidhamu, mapadri na mama yangu mzazi. Sijawahi kuvuliwa nguo kwa upole namna ile.

Nikaona nigeuze mashambulizi. "Lakini mama, hata huyo aliyetuchoma, Shakiru, ni mpiga debe wa mpinzani! Na nimeshamshughulikia!"

Baba akageuka. "Umemfanya nini Shakiru?"

Nikarekebisha tai.

"Mzee Filemon," Afisa Maulida akasema, "haya ya ndizi ni kweli?"

Nikamkodolea baba macho. Macho yalisema yote: sema ndiyo, baba, neno moja tu, mbuzi anatoka, Baba Mkubwa anapona, wewe unakuwa diwani.

"Mwanangu hajawahi kumkosea kaka yangu," akasema baba. "Futa hayo, mama."

"Baba!"

"Futa. Na Shakiru hajamchoma mtu. Aliyepiga simu ni mimi."

Kalamu ya Afisa Maulida ikabaki hewani.

"Ile sauti..." akasema. "Ulisema, 'Kesho asubuhi mgombea Filemon atampelekea mjumbe Primus mbuzi.' Nikakuuliza jina, ukakata."

"Ningekutajia jina ungeniambia nisiende. Na mimi ilikuwa lazima niende."

"Sasa kwa nini ulipiga?"

Baba akageuza kofia magotini, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Nilikula kiapo mbele yako. Ulisema tukimwona mgombea anampa mjumbe kitu, hata kama ni ndugu wa tumbo moja, tupige simu. Nikamwona. Ni mimi. Nilikuwa na viapo viwili, mama. Cha ukoo kilinitaka nipeleke mbuzi. Chako kilitaka mjue. Nikavitimiza vyote viwili. Sikujua vitakutana getini."

Nilitamani sakafu inimeze. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimemshughulikia mtu asiyehusika.

Afisa Maulida akaweka kalamu chini. Kisha akasema kitu kilichoniumiza kuliko yote.

"Bibi yangu mzaa mama ni wa Mkuu, Rombo. Isale naijua tangu sijaota meno. Nilivyomwona yule mbuzi na jani shingoni, nilijua."

"Ulijua!" nikapiga kelele. "Halafu ukamchukua?"

"Nikimwachia kwa sababu mimi naijua isale, kesho kila mgombea Moshi atafunga jani kwenye mbuzi wake. Na afisa mwenzangu aliyetoka mkoa mwingine atamkamata nani, atamwacha nani? Sheria haiwezi kuwa na bibi."

Nilitaka kubisha. Jaribu na wewe.

"Umesema kweli," akasema baba. "Mama, nikuulize. Mbuzi ameshikiliwa kwa sababu mimi ni mgombea na Primus ni mjumbe?"

"Ndiyo."

"Nikiondoa jina langu leo, kabla hata kura moja haijapigwa, nimenunua nini?"

"Siwezi kukushauri ujitoe, mzee."

"Sijaomba ushauri."

Nikamshika mkono. "Baba, ukijitoa watasema ulikuwa mwizi kweli! Na mtaro je? Mtaro, baba!"

"Mtaro hauna uvimbe tumboni, Jovin."

Afisa Maulida alitoka kwenda kuongea na wakubwa zake. Alikaa huko muda wa kutosha mimi kuhesabu dhambi zangu na kuanza upya. Akarudi. Baba atapewa onyo, na onyo litabaki kwenye kumbukumbu zake. Msimu huu hagombei tena. Kesi haitapelekwa mahakamani. Mbuzi aende kwa mwenyewe.

Baba akasaini.

Tukamfungua Kielelezo. Tulipita naye katikati ya mji, mchana kweupe, njia ile ile. Watu walitoka kwenye maduka kuangalia. Mmoja akasema, "Si amefutwa huyo?" Mwingine akasema, "Mbuzi kashinda kesi, mwenyewe kashindwa." Baba alitembea kama anakwenda kupokea komunyo.

Uani kwa Baba Mkubwa, kisu kilikuwa pale pale Mama Mkubwa alipokiacha. Sitasema mengi kuhusu Kielelezo. Nilimlisha kwa mikono yangu, nikageuka pembeni wakati ule. Alikuwa rafiki mzuri na alijua kutunza siri.

Ini likachomwa. Baba Mkubwa akaletwa nje, ameshikwa makwapa. Akang'ata kidogo, mgonjwa hana hamu. Akampa baba kijiti. Baba akang'ata palepale alipong'ata kaka yake.

"Haya," akasema Baba Mkubwa. "Nipelekeni sasa. Huyo daktari akate anapotaka."

Tulikaa hospitali kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Mama Mkubwa alishika rozari, mama alimshika Mama Mkubwa, baba alishika kofia. Daktari alipotoka alikuwa ameshusha barakoa, na sikuweza kuusoma uso wake.

"Ametoka salama," akasema. "Ila angechelewa zaidi ya hapa, tungekuwa tunaongea mengine."

Baba akainama. Nilidhani anasali. Alikuwa anafunga kamba za kiatu ambacho hakina kamba.

Jioni yake, mlangoni kwetu, akaniuliza tena. "Shakiru ulimfanya nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote.

Nikaona baba anazuia kitu usoni, sijui hasira, sijui kicheko. Akasema, "Kesho utapanda Kilema. Jani unajua linapokatwa."

Mbuzi sikuwa naye. Nilibeba jogoo. Nikasimama mbele ya duka la Shakiru, jani limefungwa fundo, wateja wanatazama, watoto wanalia "meee".

"Mangi mdogo," akasema Shakiru. "Hiyo mboga gani?"

Nikamweleza. Nikaweka mkono juu ya jogoo, nikasema kosa langu lote, kwa sauti ya chini. Jogoo alishtuka. Shakiru alishtuka zaidi. "Ni wewe!" akasema. Nikamwambia akilipokea jani, hakuna atakayelitaja tena. Mimi wala yeye.

"Hata kwa mke wangu?"

"Hata kwake."

"Lakini anauliza kila siku, dogo."

"Pole, kaka."

Akalitazama jani. Akatazama upande wa karakana ya baba, ambako randa ilikuwa inalia peke yake, bila wateja.

Akalipokea. Kisha akachukua mkasi wake wa kukatia nyaya, akalikata katikati, akanirudishia jogoo.

"Sisi kwetu hatuna haya mambo," akasema. "Ila nusu hii naomba nimpelekee Mzee Filemon. Na mimi nina langu la siku ile." Akafunga duka mchana, akavuka barabara na nusu ya jani mkononi, na jogoo wangu akamfuata, kamba nimeishika mimi.

Sikusikia alichosema. Niliangalia maua.

Diwani alipatikana mwingine. Mtaro bado unafurika. Masika yaliyofuata niliwakuta baba na Shakiru wamo ndani yake na machepe, suruali zimekunjwa, wanabishana mpira. Baba Mkubwa alikuwa amekaa ukingoni kwenye kiti, bado hana nguvu, anawatolea amri. Siku hizi baba anasali misa ya pili. Wanakaa benchi moja na hawaongei. Wameshaongea.

Wapo mpaka leo wanaomwita baba mtoa rushwa. Onyo lake lipo ofisini, halijafutika. Hajawahi kumweleza mtu.

Mimi nimejifunza hivi: sheria ya maadili ni rahisi sana kuipenda mbuzi akiwa wa mwenzako. Mtu utamjua siku mbuzi ni wake, sababu ni nzuri, na bado anapiga simu.

Na sasa umeelewa kwa nini simulizi hii ina matobo. Kosa la baba kwa kaka yake silijui, na sitaki kulijua. La Shakiru kwa baba nililiona kwa macho yangu, limekwisha. La kwangu kwa Shakiru lilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kuzifanya, bwenini wangenijengea sanamu, na nitakufa nalo.

Atakayeniuliza kwenye komenti, ajiandae kupokea jogoo.